Risasi ya Ndoana, na Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hucheka peke yangu hadi watu wananiangalia. Nilikuwa kwa kina Nafula hapa Thika, na kesho yake baba yake angenipeleka kuvua kambale mtoni Ngoliba. Huko ndiko ningemwomba anipe binti yake. Mzee alitaka kila mtu aje na ndoana alizotengeneza mwenyewe, zile za kichwa cha risasi, madini ile laini na nzito, ya kuyeyusha. Kichwa kikivunjika kwenye mawe, nilijua na ombi langu limevunjika.

Nikawasha jiko uani. Nilikuwa na mfuko wa vyuma vya kubalansi magurudumu, nilivyookota kwenye gereji za Ruiru, nikaanza kuchagua vinavyong'aa. Kijana akipenda, hata chuma hukichagua kwa sura.

Mama Nafula alikuwa jikoni, nyuma ya pazia. Kwetu Waluhya mkwe na mama mkwe hawatazamani ovyo, kwa hiyo alinikaripia bila kuniona.

“Wewe kijana, angusha hizo chuma kwa simiti moja moja, nisikie.”

Nikaangusha kimoja. Kikalia kama kengele.

“Hiyo ni zinki, itaharibu sufuria yote. Weka kando.”

Cha pili kikaanguka kwa kishindo kizito.

“Hiyo ndiyo risasi. Ikwaruze na kucha. Imeshika alama?”

Ilikuwa imeshika. Mama huyo alikulia Budalang'i akishona risasi kwenye nyavu za baba yake. Nikaitia menoni kuihakikisha, ikagonga jino.

“Usiniambie unaing'ata. Hiyo ni sumu, na sitaki msichana wangu aolewe na mgonjwa.”

Nikaitema. Nafula, aliyekuwa mlangoni akitazama, alicheka mpaka akaketi chini, nami nikaona raha ya ajabu kuchekwa naye.

Nikayeyusha zile za risasi tupu, nikaimimina kwenye kalibu, vichwa vikatoka vimejaa vizuri. Kesho yake mawe ya Ngoliba yaliviparuza tu, tukarudi na kambale wawili, ombi likiwa limeshasemwa. Mlangoni nikamsikia mama akimwambia bintiye, “Huyu chukua. Anasikia.”

Basi shika haya, mwanangu. Kinachong'aa kijaribu kwanza, maana debe tupu haliachi kuvuma. Risasi iyeyushie nje penye upepo, na unawe kabla ya kula. Mkubwa akikukaripia, pima neno lake kabla ya kununa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mungu akupe masikio mema, na nyumba yenye mtu wa kukucheka kwa mapenzi.