Sweta la Laptopu ya Tatu

Naikumbuka siku ile, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka waliomo ndani wanadhani nimeanza kuzeeka vibaya. Mashine ya mjukuu wangu ilikuwa inanguruma chumbani kama ya kusaga mahindi. Watu wawili wenye akili zao timamu walikuwa wanajua sababu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ulimi wa kuniambia.

Nianze mwanzo. Mimi naishi hapa Bagamoyo na mjukuu wangu Tatu, binti wa mwanangu wa kwanza. Tatu ana sauti. Sisemi sauti ya kuimba, nasema ya kusoma. Akikusomea tangazo la kukatika maji utamwomba arudie. Akapata habari kwamba wapo watu wanatafuta wasomaji wa vitabu vya shule, visomwe na kurekodiwa ili watoto wasioona wasikilize. Akajaribiwa, akasifiwa, akaambiwa arekodi sura ya kwanza ya kitabu cha sayansi. Akarekodi, akatuma, wakamrudishia. Sauti yako nzuri, wakamwambia, lakini nyuma yake kuna upepo. Rudia, tuipate Ijumaa, ukichelewa tutampa mwingine.

Upepo wenyewe ulikuwa feni ya laptopu. Kama hujui, ndani ya laptopu kuna feni ndogo inayoipoza. Mimi nilikuwa sijui. Tatu aliponiambia ni feni, nilitazama darini.

Laptopu hiyo ni ya mtumba, baba yake alimnunulia Dar. Ilikuja nzito, unaiwasha unakwenda kupika chai, unarudi haijaamka. Binamu yake, Idrisa, anayetengeneza simu pale Msata, ndiye aliyeifuta yote akaitilia Linux. Akanieleza kwamba huo ni mfumo wa bure, watu wa dunia nzima wanautengeneza pamoja, na kila mtu anaruhusiwa kuufungua atazame ndani. Nikamwuliza, na wakigombana je? Akasema, wanagombana kila siku, Bibi, na kazi inaendelea. Nikaupenda.

Kwa furaha hiyo nikaifumia nguo. Umeshaingia nyumba za kwetu, unajua mambo yetu: redio ina kitambaa, runinga ina kitambaa, viti vina vitambaa, hata jagi la maji lina kofia yake. Kitu cha thamani kikae uchi? Nikatafuta uzi wa sufu, mzito, wa zambarau, nikaifumia laptopu sweta lililoshika tumbo zima na mbavu zote, likabana sawasawa, kikabaki wazi kioo na batani tu. Nikamwambia Tatu, hili usilivue, litaikinga na vumbi. Akasema, ahsante Bibi.

Basi kazi iliporudishwa, Tatu akaanza kuchunguza. Kwenye Linux kuna dirisha jeusi, unaandika maneno na mashine inakujibu kwa maneno, haina mbwembwe. Akaiuliza, programu gani inajichosha? Ikamwonyesha moja iliyokuwa inapekua mafaili yote hali hakuna aliyeituma. Akaizima. Feni ikapunguza kidogo, ikapanda tena. Akaiuliza joto lake. Ikamjibu kwamba ni kubwa, na wakati huo imekaa tu, haina kazi. Akaenda kuuliza mtandaoni, kwenye ukumbi wanakosaidiana watu wa Linux. Wakamjibu upesi, watu wa nchi asizozijua. Mmoja akasema, safisha vumbi. Mwingine akauliza, umeiweka juu ya nini? Nilikuwa nimekaa naye kitandani ananitafsiria majibu, na hilo la pili akalisoma harakaharaka akapita. Yule mtu hakujibiwa.

Jumatano Idrisa akaja na bisibisi zake. Hawa wawili wanataniana tangu wanatambaa.

"Umeiua mashine yangu," Tatu akamwambia hata hajakaa.

"Shikamoo Bibi," akasema Idrisa. "Mimi niliitibu. Wewe ndiye uliyeipa homa."

"Marahaba. Gombaneni huku mikono inafanya kazi," nikawaambia.

Idrisa akalivua lile sweta, akalikunja na kuliweka pembeni kwa adabu, kama anakunja kanzu ya imamu. Akafungua mgongo wa mashine, akapitisha brashi. Vumbi lilitoka dogo, la kufuta kwa kidole. Akafunga, akaiwasha juu ya meza tupu. Kimya. Tukatega masikio. Kimya kabisa. Nikasema alhamdulillahi, ivalisheni tufanye kazi. Tatu akaivalisha. Sijamaliza kumenya chungwa, ngurumo ikaanza upya.

Idrisa akalitazama sweta. Akamtazama Tatu. Tatu akatazama mkeka.

"Labda ni joto la Bagamoyo," akasema Idrisa.

"Labda," akasema Tatu. "Msata kuna upepo."

"Sana."

"Basi mhamishie Msata akasomee stendi," nikasema. Hakuna aliyecheka.

Idrisa akakuna kichwa. Akasema ipo njia ya kuiamuru feni izunguke polepole badala ya kuiacha ijiamulie. Si vizuri, akasema, lakini kwa kurekodi tu. Akaandika maneno yake kwenye dirisha jeusi, feni ikatulia. Tatu akasoma. Alisoma vizuri mpaka nikaelewa damu inavyozunguka mwilini, mimi niliyetoka shule mapema kwenda kulea wadogo zangu. Alipokaribia kumaliza sura, kioo kikawa cheusi. Joto lilikuwa limezidi, mashine ikajizima yenyewe. Na yote aliyosoma yakapotea, maana alikuwa hajahifadhi kitu.

Tatu hakulia kwa sauti. Alikunja miguu akajifunika uso kwa mtandio. "Ijumaa hii hapa," akasema humo ndani. "Watampa mwingine."

Mimi nikapandisha hasira, maana ndiyo dawa niliyoizoea. Nikasema hiyo Linux yenu iondoeni, haiwezekani kitu cha bure kikose walakini. Idrisa akainua uso. "Bibi, Linux haina kosa," akasema. "Ndiyo iliyotuambia joto limezidi." Akataka kuongeza neno, akalimeza. Niliona likiteremka kooni. Nikamgeukia Tatu. Alikuwa ameutoa mtandio na macho yameganda kwenye mkeka.

Hapo nikakumbuka Miono, nilikoolewa.

Nilikuwa bi harusi mpya nyumbani kwa mama mkwe wangu, naona haya hata kukohoa. Jirani alikuwa na hitima, na mama mkwe ndiye aliyesimamia jiko. Nikamwona akitia chumvi kwenye sufuria kubwa ya pilau. Akaitwa nje, akazungumza na watu, akarudi, akatia tena. Niliona kwa macho yangu haya. Nikayashikilia kwenye vitunguu nilivyokuwa nakata, nikajiambia, mimi nani hata nimsahihishe mama wa watu kwenye jiko lake? Wageni wakala wakigombania maji. Jioni akaniita uani.

"Uliniona natia tena?"

"Nilikuona, mama."

"Ukanyamaza kwa nini?"

"Nilikuheshimu."

Hakupandisha sauti, na heri angepandisha. "Umeniheshimu mpaka umeniaibisha," akasema. "Siku nyingine niheshimu kidogo, unishike mkono."

Sasa yale macho yangu ya kwenye vitunguu ndiyo niliyoyaona kwa Tatu. Hakuna mtu anayesoma mkeka namna ile kama hana neno. Nikajua nimetia chumvi mahali, ila sijui wapi.

"Nyinyi," nikasema. "Nimekosea nini?"

"Hujakosea kitu, Bibi," wakajibu kwa pamoja, kama madrasa.

"Tatu."

"Shikamoo Bibi."

"Tumeamkiana tangu alfajiri. Sema."

"Bibi, ni sweta."

"Sweta gani?"

"La laptopu." Akainyooshea kidole. "Chini kuna matundu, na ubavuni kuna mengine. Feni inavuta hewa kwa chini, inaitoa pembeni. Sasa sufu imeziba kote, inavuta joto lake lile lile. Ndiyo maana inahangaika."

"Umejua lini?"

"Tangu yule mtu aliponiuliza nimeiweka juu ya nini."

"Na wewe, Idrisa?"

"Mimi nilijua nilipoingia mlangoni, Bibi. Nilipoiona imevaa."

"Ukaamua kuisingizia Bagamoyo."

"Bagamoyo haiwezi kunichapa," akasema.

Nitakwambia kweli, mwanangu, iliniuma. Nilikuwa nimelifuma lile sweta, nikalifumua, nikalifuma tena mpaka likakaa. Wao wakaanza kupima umbali wa mlango. Kisha nikainama nikaishika mashine. Ilikuwa ya moto kama pasi iliyosahauliwa. Nikaivua mwenyewe.

Idrisa akairudishia feni uhuru wake wa kujiamulia mwendo. Tukaiinua mashine juu ya vipande viwili vya ubao, katikati tukaacha nafasi hewa ipite. Tatu akaiuliza joto, namba imeshuka. Akaiuliza tena, imeshuka zaidi. Feni ikawa inazunguka taratibu, hata ukitega sikio huisikii. Idrisa akaliomba lile sweta, eti atalitilia redio yake ya dukani, ambayo haina feni. Nikampa, na nikamwambia siku nyingine akiniona nakosea akinyamaza, mimi si Bagamoyo.

Alhamisi asubuhi nikawafungia kuku, nikamwomba jirani asitwange kwanza, nikakaa mlangoni. Kila aliyekuja na hodi yake nilimsimamisha kwa mkono kama askari wa barabarani. Mwuza samaki alisimama akanong'ona, "Kuna mgonjwa?" Nikamnong'oneza, kuna sayansi. Tatu akasoma sura yote, na safari hii alihifadhi kila alipovuta pumzi. Adhuhuri haijaadhiniwa, kazi imeshatumwa.

Ijumaa watu walikuwa wanatoka msikitini simu yake ilipoita. Akasikiliza, akasema ndiyo, akasema sawa, akasema ahsante sana, akaja akakaa chini miguuni pangu. "Wameipokea, Bibi. Wamenipa kitabu kizima." Akasema wamewawekea watoto wakaisikiliza, na mmoja akauliza kama yule dada anayesoma anaweza kuendelea kesho.

Basi nikuusie, mwanangu. Ukimwona mkubwa wako anakosea, mwambie. Usimwambie mbele ya wageni wala kwa kicheko. Ngoja aketi, mwamkie, umwambie kwa sauti ya chini na maneno machache, kama Tatu alivyonieleza matundu. Akikasirika mwache akasirike, mimi nilikasirika na sikufa. Ukinyamaza unadhani umemstahi, kumbe umemwacha aharibu kazi yako na yake, na siku atakapojua atauliza kwa nini ulimtazama tu.

Na kitu kinapokupigia kelele, kiwe mashine, kiwe mtoto, kiwe goti lako mwenyewe, usianze kwa kukinyamazisha. Sisi tuliinyamazisha feni tukapoteza sura nzima. Kishike kwanza ujue kimebanwa wapi. Tazama ulichokiweka wewe mwenyewe hivi juzi, ndipo uwalaumu watu wa mbali waliokitengeneza.

Nanyi wenzangu wenye mvi, nisiwasahau. Mimi ni mkali na sitaacha. Lakini tangu siku ile nikimkuta kijana ameduwaa mbele yangu hasemi, namwuliza mimi kwanza, na nikishauliza nafunga mdomo mpaka amalize. Hilo la mwisho ndilo gumu.

Mwenyezi Mungu akujaalie ulimi mpole usioogopa, na akuweke karibu na wakubwa wanaosikia. Akutilie baraka katika kila unachokishika, na kazi yako iwafikie wanaoisubiri, hata wale usiowajua kwa sura. Amina.