Jino la Mkaguzi

Mkaguzi wa vyakula vya kambi ya jeshi, hapa nje ya Malindi, hupima mahindi kwa jino. Huchomoa punje katikati ya gunia, akaifuta kwa leso, akaitafuna macho yamefumbwa, huku Linet, karani wa stoo, akisubiri mlio. Punje isipolia ka! gunia halishuki. "Rudi ukayaanike, mzee," humwambia Mwambire, mkulima wa Matsangoni, kwa upole kabisa. "Ukungu huua askari kabla ya risasi." Mchana huketi na hao askari, akala sima ya mahindi aliyoyapitisha mwenyewe.

Juzi lilikuja lori la shemeji yake. Mkaguzi akachomoa punje kama kawaida. Akazigeuzageuza kiganjani, akazirudisha guniani. "Mazuri haya. Shusheni." Linet akatafuna moja. Ilibonyea tu, ina uvundo.

"Afande, mbona hii hailii?"

Mkaguzi akaikunja leso yake taratibu, akaitia mfukoni. "Ni ya shemeji hayo, Linet. Nayajua."

Kweli aliyajua. Tangu yasagwe, mchana hujifungia ofisini na wali wake, aliofungiwa nyumbani kwake, mtaa wa Barani.