Aliyekondesha Herufi za Mama Mkwe

Kompyuta ya kwetu ilitoka Ngaka. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anafanya kazi kwenye mgodi wa makaa ya mawe. Alipopata mpya akatupatia sisi ya zamani, ikiwa na vumbi jeusi katikati ya vitufe na mchezo mmoja wa mashindano ya magari aliouacha ndani. Mke wangu aliipangusa, akaiwekea kitambaa cha kufuma kama alivyoiwekea redio, na kwa muda mrefu kazi yake kubwa ikawa kukaa chini ya kitambaa hicho.

Ikapata kazi ya kweli mama mkwe alipopanda kutoka Ngumbo, ziwani, kuja kukaa nasi Mbinga akisubiri zamu ya kutibiwa macho. Kule kigangoni kwao alikuwa msomaji wa masomo kanisani tangu mke wangu akiwa mtoto. Katekista wa kwetu aliposikia hivyo akampa somo la kwanza, asome siku ya sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango. Mama alifurahi mpaka akasahau kula. Kisha akafungua kitabu, akakisogeza, akakirudisha, akakifunga.

"Herufi zimekuwa usipa," alimwambia mke wangu, yaani wale dagaa wadogo wa ziwani kwao. "Zinaogelea tu, hazikamatiki."

Hapo ndipo mimi mwenye kidato cha nne nikapata nafasi ya kuonekana. Nililipiga somo lote kwenye kompyuta, kisha nikaishusha rezolusheni ya skrini. Kwa wasiojua: ukiishusha, kila kitu kwenye kioo kinanenepa, ukiipandisha, kila kitu kinakonda. Nikashusha mpaka maneno matano tu yakaenea mstari mzima. Nikiwa nje nikamsikia mama akicheka peke yake: "Hawa sasa ni mbasa, samaki wakubwa! Huyu hata kwa mkono namkamata."

Nilikuwa nje kwa sababu kwetu mkwe ni mkwe. Unamwamkia shikamoo ukiwa mlangoni, macho chini, na akiingia sebuleni wewe una shughuli uani. Mengine yote yanapitia kwa mke. Kwa hiyo kila jioni, wakitoka kuchuma kahawa, mke wangu alikuwa anamfungulia mama somo lake, nami nakwenda kusimama kwenye vichanja vya kuanikia kahawa kana kwamba inaweza kutoroka.

Mchana vichanja vilikuwa vyangu kabisa. Wenzangu shambani, mimi nyumbani nageuza kahawa inayokauka na kufukuza kuku. Mgongo wangu haupendi kuinama, niliwaambia. Walikubali, maana wananijua: mimi nikifika barabarani nahisi nimesafiri.

Siku moja jioni mke wangu akaniita. Herufi zilikuwa zimerudi kuwa usipa. Nikazinenepesha tena. Siku mbili tatu zikapita, usipa tena. Nikaanza uchunguzi. Nilishuku kitambaa cha kufuma, kwamba uzito wake unabonyeza vitufe. Nikakiondoa. Nilishuku mke wangu anavyopangusa. Nikamkataza kupangusa. Nikafunika vitufe kwa sinia, hilo nalo lilionekana kwangu kuwa utaalamu. Usipa.

Akabaki mtu mmoja. Na mtu huyo huwezi kumwuliza.

Sasa sisi tuna njia yetu. Jambo usiloweza kumwambia mkwe unauambia ukuta, yeye akiwa karibu. Mama alikuwa jikoni anachambua mboga. Nikasimama uani, nikakohoa, nikauambia ukuta wa jiko:

"Kuna watu humu ndani wana vidole vyepesi. Wanagusa vitu wasivyovisomea. Halafu mtu akae kutengeneza kila siku!"

Jikoni kisu kikasimama. Hata majani ya mboga yaliacha kukatika. Nilijiona mwanaume wa maana.

Kesho yake nikaweka paswedi. Hakuna atakayeiwasha kompyuta bila mimi. Nikamtangazia mke wangu, kwa sauti ya kufika jikoni, kwamba sasa tatizo limekwisha.

"Jioni nitawafungulia mwenyewe," nilisema.

"Sawa, Baba Watoto," akasema.

Jioni ya pili tangu paswedi iwekwe, walirudi mapema kidogo. Niliwafungulia, nikatoka kwa haraka kwenda kwenye vichanja vyangu. Sikufika.

"Baba Watoto. Njoo uone."

Nilisimama mlangoni. Usipa. Wadogo kuliko siku zote, wamekaa kona moja ya skrini.

"Jana ziliachwa zimenenepa," mke wangu akasema. "Leo mchana nani kaiwasha?"

Nikatazama sinia.

"Paswedi nani anayo?"

Mama alikuwa ameketi pembeni ameupa mgongo mlango, kama adabu inavyotaka. Paka wetu alikuwa miguuni kwake. Akamwinamia.

"Paka," akasema taratibu, "mbona hukuniambia kama paswedi unayo wewe?"

Mke wangu akaziba mdomo. Mama akaendelea na paka wake:

"Na mimi kule shambani mchana nasikia injini, vuuu, vuuu. Nikasema, malori ya makaa yamehamia kwetu? Kumbe ni wewe, paka. Unakwenda wapi na mwendo wote huo?"

Basi. Ndivyo ilivyokuwa. Mimi ambaye sijawahi kuendesha hata baiskeli kushuka mteremko, kila mchana nilikuwa nafukuzana na magari mekundu kwenye barabara za lami nisizozijua. Mchezo ule ukiufungua unaipandisha rezolusheni unavyotaka wenyewe; ukiufunga kwa adabu unairudisha. Lakini mtu anayesikia hatua za mkewe getini hafungi kwa adabu. Anachomoa waya ukutani, anatupa kitambaa juu, anakimbilia kahawa. Nilijua nilikuwa nachomoa. Sikujua kuwa ninachoma nyumba ya mtu mwingine.

Nilidhani aibu imeishia hapo. Mke wangu alikuwa ameacha kucheka.

"Mama alikwenda kwa katekista jana," akasema. "Amerudisha somo. Amemwambia vidole vyake vinaharibu mashine ya watu. Leo nimemvuta tu aje asome."

Paka peke yake ndiye aliyekuwa na uso wa kutazama, nikamtazama yeye.

Niliondoka jioni ile ile, mimi nisiyetoka, nikapanda mpaka kwa katekista. Alinikaribisha kiti. Nilizunguka na habari za mvua, za bei ya kahawa, mwisho ikabidi niseme.

"Magari?" akauliza katekista.

"Ya kompyuta."

"Yanayokwenda?"

"Yanakwenda, ndiyo."

Akacheka mpaka akamwita mkewe aje asikie, nikalazimika kurudia tangu mwanzo. Kisha akafuta macho, akatikisa kichwa. Somo alishampa mama mwingine wa jumuiya, na huyo mama ameshaanza kujifunza, ameshawaambia na watoto wake. Hawezi kumnyang'anya. "Mama yetu atapata lingine Majilio yakianza, kuelekea Noeli," akasema. "Wewe nenda ukamwombe radhi."

Nilipeleka kuku kwa mkono wa mke wangu. Kutoka jikoni nikasikia: "Paka, huyu si wako, tulia." Kwa hiyo nilijua amepokelewa.

Siku ya sikukuu nilikaa upande wa wanaume, mahali pa kumwona mama kwa ubavu. Msomaji akapanda, akafungua kitabu, akaanza. Midomo ya mama nayo ikaanza. Hakuwa na kitabu. Alikuwa nalo lote kichwani, na alikuwa mbele ya msomaji kwa neno moja, kila mara neno moja. Katikati msomaji akaruka mstari. Midomo ya mama ikasimama, ikangoja, ikamalizia mstari ulioachwa polepole bila sauti, kisha ikakimbia kumfikia mwenzake. Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu, na vilikuwa safi, maana havijui shamba.

Siku hizi vinajua. Mgongo umekubali kuinama. Mchezo mke wangu ameufuta mwenyewe, paswedi ameibadilisha na hakunipa, na tangu hapo herufi hazijakonda hata mara moja.

Jioni tukirudi, mama anakaa mbele ya somo la Majilio, mimi napita zangu uani. Na kabla hajaanza lazima niisikie, ya kila siku, kwa sauti ya upole kabisa:

"Paka, dereva amepita? Haya. Tusome."