Kalamu ya Mpingo Iliyokwenda Harusini Nansio

Kwa kukereza kalamu za mbao, Mwanza nzima sioni wa kunishinda. Nawaambia mapema, kabla hamjaanza kunicheka.

Juzi nilimkerezea mpwa wangu kalamu ya mpingo, atilie saini cheti cha ndoa kanisani Nansio. Kwenye meli niliwaonyesha abiria njia nzima, juani. Mpingo ukipigwa na jua kali hupasuka. Hilo nawafundisha wengine kila siku. Tuliposhuka, kalamu ilikuwa na ufa.

Sikubabaika. Nyuma ya kanisa nikatia gundi kali, ikashika. Chupa ya gundi nikaitumbukiza mfukoni, nikaingia kanisani mkono mfukoni, kifua mbele.

Maharusi wakatia saini vizuri. Mchungaji akauliza, "Fundi wa kalamu hii yuko wapi?" Nikasimama. Baba mkwe wa mpwa wangu akaja kunipa mkono.

"Shikamoo mzee," nikasema, mkono bado mfukoni.

"Marahaba. Mkono una nini, fundi?"

Nikajaribu kuutoa. Ndipo nikakumbuka kwamba ile chupa sikuifunga. Nikavuta kwa nguvu zote, na mbele ya kanisa zima mkono ukatoka na mfuko wake.