Bei Niliyoikata kwa Kalamu Nyekundu Haikuwahi Kuwepo

Admin, naomba jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka hamsini na saba, nimeolewa upande wa Kabati, Kitui, nina watoto wanne na wajukuu. Najua kuna mtu atasoma aseme, mama mzima anakosa usingizi kwa sababu ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Sawa, cheka, lakini soma mpaka mwisho.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, serikali ilipoacha kupanga bei, kila mwenye duka alijiwekea yake. Baba mdogo wa mume wangu alikuwa na supamaketi mjini, na wakati huo watu wetu bado waliogopa kushika kitu kwa rafu bila kuuliza. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kuheshimiwa. Alinipa kazi kwa sababu ya mwandiko wangu. Kadi zote za bei niliandika mimi, na nilijivuna nazo kweli kweli.

Krismasi ikikaribia, aliniambia nichukue kadi ya mafuta ya kilo mbili, niandike mia mbili na ishirini, niikate kwa kalamu nyekundu, halafu chini yake niandike mia moja themanini kwa herufi kubwa, na neno OFA. Nikamwambia, baba, si tumekuwa tukiuza mia moja sabini? Hiyo mia mbili na ishirini imetoka wapi? Hakukasirika hata kidogo. Alisema, "Wewe andika. Bei watakayolipa si hiyo hapo? Nani amelazimishwa kununua?" Nikaandika. Niliandika vizuri sana, hiyo ndiyo aibu yangu.

Sasa huku kwetu tuna mwethya, kikundi cha akina mama cha kulimiana, kuchimba matuta na kusaidiana kwa matanga. Mwaka mzima wanaweka pesa kidogo kidogo, Krismasi wananunua vitu pamoja na kugawana. Mwenye kushika pesa alikuwa jirani yangu, nimwite Mama Mwende. Huyu mama alinikanda maji moto nilipojifungua mtoto wa kwanza, mama yangu akiwa mbali kwetu Nunguni. Alikuja supamaketi, akaangalia ile kadi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli bei imeshuka. Nikamwambia imeshuka, chukua. Akachukua mikebe ishirini na nne.

Kabla ya mwaka mpya, mmoja wao alikuta mkebe uleule katika duka la Kabati ukiuzwa mia moja sabini, bila ofa yoyote. Ndipo moto ukawaka. Wale akina mama hawakulishuku duka hata dakika moja. Kadi yenyewe hawakuwa wameiona, na mwenye duka ni mzee wa kanisa, atadanganyaje? Walisema haiwezekani ofa ipite bei ya kawaida, kwa hivyo Mama Mwende amekula shilingi kumi ya kila mtu na risiti amechongewa mjini. Risiti ilikuwa ya kweli. Mimi nilijua.

Mama Mwende hakunyamaza. Alienda mwenyewe kwa ofisi ya biashara kulalamika, na siku chache baadaye afisa akaja dukani na mkoba wake. Alisimama mbele ya ile kadi, akaniuliza mimi, si mwenye duka. "Hii mia mbili na ishirini, mliwahi kuuza kwa bei hiyo? Kama hamkuwahi, huko ni kumdanganya mnunuzi, na sheria inakataza." Baba mdogo alikuwa nyuma yangu akipanga sabuni. Nikajibu, "Ndiyo, wiki iliyopita." Afisa akaandika, akaenda zake. Ilikuwa rahisi hivyo.

Ikasemwa duka limekaguliwa na halikukutwa na kosa, basi mwizi ni yeye, na Mama Mwende akatolewa kwa mwethya. Tangu hapo matuta yake yalibomolewa na mvua, hakuna aliyeshika jembe kumsaidia. Mumewe alipokufa, yeye na binti zake walichota maji ya matanga wenyewe. Nilipita na kuni zangu kichwani nikienda kwa matanga ya mwingine, nikaangalia chini. Hajawahi kunitukana. Pengine mpaka leo anafikiri mimi pia nilidanganywa.

Sasa sikieni. Mimi ndiye mwenyekiti wa mwethya huo siku hizi. Mama Mwende ni mzee, ni mgonjwa, na anaogopa kuzikwa kama mtu asiye na watu. Kwa sheria yetu, aliyefukuzwa kwa kula pesa hurudi akitoa mbuzi na kukiri kosa mbele ya wote. Miaka hii yote alikataa. Juzi binti yake amekuja kuniambia mama amekubali. Atakiri. Atasimama aseme aliiba, na mimi nitamshika mkono nimwambie tumekusamehe.

Nilimwambia mume wangu nataka kusema ukweli. Baba mdogo bado yuko hai, ndiye aliyesomesha watoto wetu wawili, na shamba tunalolima ni lake. Mume wangu hakuinua sauti. Alisema, "Ukifungua mdomo kumwaibisha mzee, ufungue ukiwa umeshapanga nguo zako." Na anajua sina pa kwenda, kwetu wazazi walishakufa. Nikinyamaza, Mama Mwende naye kwa ule ugonjwa wake hatakuwa na muda wa kungoja nipate ujasiri. Nimefikiria kujifanya mgonjwa, lakini wataendelea bila mimi, na atakiri tu.

Mkutano ni Jumamosi. Mbuzi ameshaletwa, amefungwa nyuma ya jikoni yangu, na asubuhi nimemkatia majani kwa mikono yangu. Mkiwa na la kuniambia ndugu zangu, mniambie kabla hajachinjwa. Nifanye nini?