Usithibitishe Kwanza

Nilikuwa nasubiri fotokopi kwenye steshenari moja hapa Kilosa, akaingia binti kutoka Msowero.

"Shikamoo mama. Nimechaguliwa chuo, nimekuja kuthibitisha nafasi yangu."

"Marahaba." Mwenye duka akafungua kompyuta, akaangalia tarehe. "Muda wa kuthibitisha umepita, mwanangu. Nafasi imeshaondoka. Ulikuwa wapi?"

"Kwenye jukwaa la mtandaoni waliniambia nisithibitishe kwanza, nisubiri chuo kikubwa zaidi. Si ndio hao walionifundisha kujaza fomu? Nyumbani hakuna aliyewahi kuomba chuo."

Angeachaje kuwaamini?

Binti akatugeuzia simu yake. Chini ya ushauri ule yalijipanga madole gumba ya kuunga mkono. Dole moja lilikuwa langu. Nililibonyeza siku moja nikisubiri chai, wala sikusoma hadi mwisho.