Jani la Isale Nyumbani kwa Aminieli

Gari la Hilda lilishindwa kupanda mwinuko wa Masama, tukamalizia kwa miguu kati ya visiki vya kahawa iliyokatwa. Ilikuwa 1999, na sikuwa nimewahi kufika huko. Mtu wa kwanza kukutana naye alitupita bila kuitikia salamu.

"Ndiye huyo," alisema Hilda. "Usimfuate. Atakuja akiwa tayari."

Hilda, muuguzi mstaafu, alizungukia familia zenye watu wazima wenye usonji, hali ya kuzaliwa nayo ambayo wengi hawakuwa wameisikia. Aminieli, yule aliyetupita, alikuwa amevuka sitini. Kwa kuwa ni kitindamimba, ndiye aliyerithi kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba ya wazazi. Lakini mama yao alipofariki, kaka yake Ebenezeri aliamua kumshusha Mabogini, huko tambarare, kwenye nyumba yake iliyojaa wajukuu. Angehamishwa Jumamosi. Tangu aambiwe, Aminieli alikuwa ameacha kula.

Ebenezeri alitukaribisha uani, akanisimulia aibu zake zote. Mdogo wake hasalimu, hakai na wageni. Kwenye mazishi ya mama aliziba masikio watu wakiimba. Kila alipokosea, ukoo ulimpa jani la isale akaombe radhi nyumba kwa nyumba. Anayeletewa isale hana budi kusamehe.

"Tumemsamehe mpaka tumechoka," alisema, akicheka.

Hilda hakucheka. Alimweleza polepole kwamba kelele humuumiza mtu kama huyo, kwamba kutazamana machoni humlemea, na kadiri anavyozeeka ndivyo anavyozidi kuhitaji mahali alipopazoea, na mtu wa kumjulia hali kwa sauti ya chini. Ebenezeri aliuliza dawa yake. Hilda akasema si ugonjwa.

"Kwa hiyo hakuwa na dharau?"

"Hapana, mzee."

"Hata msibani?"

"Hata msibani. Alimlilia mama yake kama wewe, na juu ya huzuni hiyo zile sauti zilikuwa zikimchoma."

Ebenezeri aliketi chini, palepale kwenye udongo. Kisha akainuka, akachuma isale mpakani, na Aminieli alipotokea, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Aminieli alilitazama jani. Mikono yake akaiweka nyuma. Hilda alishika mdomo. Isale haikataliwi.

"Nimelibeba hili tangu ujana," alisema Aminieli. "Sikuwahi kuelewa kosa langu. Wewe lako unalijua. Liseme."

Nilidhani Ebenezeri angefoka.

"Nilikuona una kiburi," alisema. "Nikakuombesha radhi kwa jinsi ulivyozaliwa. Na nilitaka kukutoa kwako."

"Jumamosi?"

"Huendi popote. Nitapanda mlima mimi, nije kukuona."

"Uje peke yako."

Akalipokea. Ilikuwa zamu yake ya kuelekeza maji ya mfereji shambani. Akachukua jembe, akaingia migombani bila kuaga. Nilibaki uani na kaka yake, ambaye mikono yake ilikuwa bado imenyooka mbele.